Funguo za Jamira

Kila asubuhi funguo zilizoning'inia kiunoni mwa Jamira zilisikika kabla yake, naye akawakuta wanawake wa ghala la kahawa wamenyamaza, wameinamia kazi. Akajiona msimamizi hodari.

Leo kamba ilikuwa imekatika, funguo amezifumbata kiganjani. Mlangoni akasikia vicheko, kisha sauti: "Hii gunia iko na maji. Nani atamwambia huyu afande wa funguo?"

"Si mimi. Mwaka jana nilisema, akanipeleka kufagia."

Nje lori la kupeleka magunia mjini Kasese lilikuwa likiunguruma. Angeweza kurudi nyuma, azitikise funguo, aingie kama kawaida.

Akaingia, akaziweka sakafuni. "Gunia gani?"

Wanawake wakainamia kazi. Akavua viatu, akaketi kati yao.

"Gunia gani, mama?"

Yule aliyefagishwa akazitazama funguo kwanza, kisha akamtazama yeye.