Pwani Inayorefuka

Sheha Silima alikuwa amepiga magoti juu ya jabali, akipima ufa kwa shubiri.

"Andika nne, Bwana Yussuf. Na ndani yake mna ufa mwingine. Ngoja."

Yussuf, ofisa kutoka wilayani, aliandika. Hii ilikuwa siku ya nne. Siku ya kwanza, kwa kamba yake ndefu, alipata kilomita mbili na nusu. Silima akakataa: kamba inaruka ghuba. Wakapima kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, zikawa tatu na robo. Kwa dhiraa, nne.

Silima hakusoma sana, lakini hili aliligundua mwenyewe. Kila ukifupisha kipimo, pwani inarefuka. Maana kila ghuba ina vighuba, na kila kighuba kina nyufa zenye sura ile ile ya ghuba mama.

Barua ya kamati ilisema mradi wa bahari utachagua pwani iliyo ndefu zaidi, ya kijiji cha Silima au ya kijiji jirani, cha Sheha Hija. Mengine yalikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Mwaka jana taa za jua zilikwenda kwa Hija. Safari hii Silima aliapa kushinda.

"Mradi wenyewe wa nini?" aliuliza mkewe, Mwanawema, akirudi mwambani na pweza wawili.

"Wowote. Tushinde kwanza."

Hija alipita, akasimama kutazama.

"Mie yangu imepimwa kwa kamba, yakhe. Kilomita tatu, basi. Mvivu mie."

"Wengine hatuchoki," alisema Silima.

"Naona. Lakini shubiri kubwa hiyo, nyufa ndogo ndogo zinakupita. Nitakuletea rula ya mwanangu."

Na kweli akaileta. Silima alimhurumia, mtu mzima, hajui hesabu inakompeleka.

Kwa rula, pwani ya Silima ilifika kilomita saba.

Ijumaa, baada ya sala, Yussuf alifungua bahasha mbele ya watu wa vijiji vyote viwili. Akasoma taratibu:

"Pwani iliyochaguliwa itafungwa miaka miwili. Hakuna kuvua pweza wala kuokota kombe, ili viumbe wazaliane na kusambaa hadi pwani ya jirani, ambako uvuvi utaendelea kama kawaida."

Hija, katibu wa kamati iliyoandika barua ile, alikuwa wa kwanza kumpa Silima mkono wa pongezi.