Ijumaa ya Eliudi

Idarusi aliupitisha mnyororo kinyume, akaupaka tope usionekane, akatoka chini ya gari akijipangusa magoti. Wapakizi walikuwa bado wanakunywa uji. Hakuna aliyemuuliza neno, maana yeye ndiye mnyapara wao, na kazi ya minyororo hakumwachia mtu.

Gari lenyewe lilikuwa pana mno, hata serikali ililikataza barabara zake. Lilipita njia ya kiwanda tu, kutoka msitu wa mivule hadi kwenye misumeno ya Mwera. Magogo yalilala juu yake yakizuiwa ubavuni na nguzo za chuma. Nguzo za kushoto zilishikwa na mnyororo uliopita chini ya mzigo, ukaishia kwenye ndoana ya upande wa kulia. Aliyelibuni hakuwa mjinga: mfunguaji husimama kulia, akaigonga ndoana kwa nyundo, nguzo za kushoto zikalala, na magogo yakaporomokea huko, mbali naye.

Leo ndoana ya kulia ilishika nguzo za kulia. Atakayeigonga, magogo matatu ya mvule yatamjia kifuani.

Na atakayeigonga alijulikana. Kiwandani walikuwa na mapatano yao: Jumapili Waislamu humshikia Eliudi kazi aende kanisani, na Ijumaa Eliudi hubaki peke yake kufungua magogo, wao wakaenda kusali. Mapatano mazuri kabisa. Idarusi aliyapenda kuliko mtu yeyote.

Huyo Eliudi, Mbondei wa Muheza, mtoto wa mzee wa kanisa, alikuwa amethubutu kuleta posa ya Asmahani, dada yake Idarusi. Mshenga alifukuzwa kahawa haijapoa. Lakini kilichomchoma Idarusi zaidi ni baba yake. Mzee Jumbe alikuwa amefungua magogo pale pale kiwandani miaka kumi na miwili, hadi goti lilipomwachisha, na kijana yule ni yeye aliyemfundisha kazi. Hakukasirika hata kidogo.

“Akisilimu, nitamkatalia kwa lipi?” alisema mzee.

“Nani, yule? Hasilimu yule, baba. Atuchezea tu.”

“Basi ngoja uone, mwanangu. Una haraka ya nini?”

Idarusi hakutaka kungoja wala kuona. Asmahani alikuwa ameshasema kwamba ni Eliudi au hataki mume. Na alie, aliwaza kaka yake. Heri alie mwezi mmoja kuliko sisi tuchekwe maisha.

Gari liliteremka polepole na mzigo wake, Msafiri akiwa kwenye usukani na Idarusi ubavuni pake, akipiga mluzi.

“Una furaha leo, mnyapara,” alisema Msafiri.

“Ijumaa hii, bwana. Nifurahi lini tena?”

Msafiri alimshusha mlangoni pa msikiti, akaenda kuliegesha gari kwenye yadi ya kiwanda, hatua kama mia mbili kutoka hapo, akarudi mbio kutawadha. Walikuwa wamechelewa. Imamu alikwishapanda mimbari, nao wakaketi safu ya mwisho kabisa, karibu na viatu.

Kule mbele, chini ya mimbari, mahali pake pa siku zote, Idarusi aliliona joho la baba yake, lile la hudhurungi lenye kiraka begani. Akashukuru. Hakutaka mzee aone mambo ya yadini kwa macho yake.

Khutba ilikuwa imefika katikati waliposikia kishindo. Vumbi likadondoka kutoka darini. Ukafuata ukelele wa mtu, kisha mwingine.

Watu wakatazamana. Lakini imamu akiwa anakhutubu, hata kumwambia mwenzio “nyamaza” ni kosa, sembuse kuondoka. Mwenye joho akataka kuinuka. Jirani yake akamvuta akaketi. Baba na huruma zake, akawaza Idarusi. Msafiri naye alianza kujiinua asimame. Idarusi akamkamata mkono, akamkandamiza chini, akamkazia jicho la mtu anayejua adabu ya msikiti.

Ukelele wa tatu ulichelewa kuja, nao ulikuwa mdogo, wa mtu anayeomba maji. Halafu kimya.

Raha ilimjaa Idarusi, raha tupu, hata akaogopa itaonekana usoni. Akainamisha kichwa. Walipokimu sala alisali rakaa zote mbili kwa utulivu ambao hakuwahi kuujua, na katika sijida ya mwisho akamwombea dada yake mume mwema.

Salamu ilipotolewa tu, mwenye joho aliruka, akazipasua safu, akakimbilia mlangoni. Alikimbia kama mtu ambaye hajawahi kuumwa goti. Idarusi alisimama akamziba njia, bila kujua anafanya nini.

Alikuwa Eliudi, machozi yakimtiririka.

“Nipishe, shemeji! Twende, yule ni mzee! Kanivika joho lake kwa mkono wake, kanambia nenda kasilimu, mwanangu, leo magogo nitayafungua mimi.”