Zimwi Lililodondosha Pembe

Tangu Chambuso aigize zimwi katika ile filamu ya kwanza, watu mtaani walikuwa wakimwona wanahamia upande wa pili wa barabara, na kwenye kibanda cha kahawa hakuna aliyeketi karibu naye. Kwa hiyo siku ya kuonyeshwa sehemu ya pili alikwenda na hofu, akakaa nyuma kabisa ya ukumbi pamoja na mwongozaji.

Filamu ilikuwa mbovu. Damu ilifanana na sharubati. Zimwi lilipotoka makaburini likinguruma, pembe moja ilidondoka, nalo likainama kuiokota. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

“Tumekwisha, Chambuso,” mwongozaji akanong'ona, uso kaufunika kwa viganja.

Chambuso alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka, na kifua kilikuwa chepesi ajabu.

Mlangoni, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamsimamisha. “Kumbe ndiye wewe, baba! Pembe umeshaipachika?”

Kicheko kikamlegezea mama huyo mbeleko. Bila kufikiri akamkabidhi Chambuso mtoto, ili ajifunge upya.

Chambuso akampokea kwa mikono miwili. Mtoto akamkazia macho, kisha taratibu akainua mkono na kumshika pua.