Mafagio Mia Sita

Mzabuni alikuwa ameshashusha mafagio mia sita kwenye ua wa halmashauri, na mwenyekiti wa kamati ya kupokea bidhaa alikuwa ameshaweka sahihi kwenye karatasi ya mapokezi. Ilibaki ya Bi Somoe, mfagiaji wa barabara aliyeingizwa kwenye kamati kwa mara ya kwanza.

"Weka sahihi, mama, tusichelewe," mzabuni alimhimiza.

"Ngoja kwanza nifagie."

Alichomoa fagio moja katikati ya rundo, akainama, akafagia changarawe kama afanyavyo kila alfajiri. Hakwenda hatua nne, kichwa cha fagio kikachomoka na kubiringika hadi kwenye viatu vya mwenyekiti. Akachukua la pili, nalo likachomoka kichwa. La tatu halikufika hata hatua moja.

Mwenyekiti aliinua ile karatasi, akaikata kwa kalamu sahihi yake mwenyewe.

"Mkataba unasema mafagio imara," alimwambia mzabuni. "Pakia yote, utuletee yanayofagia."

Wafagiaji waliokuwa wakichungulia kwenye uzio wakapiga vigelegele. Bi Somoe alisimama wima katikati ya ua, mpini mtupu mkononi, akilitazama lori la mzabuni likirudi kinyumenyume kuja kuchukua mzigo wake.