Kitufe cha KATAA

Siku hizi nyumba ndiyo inasikiliza, na asiye na sauti nyumba inamjibia. Basi tangu Mama Nkwimba apigwe kiharusi na ulimi ugome, nyumba ilikuwa inakubali kila kitu kwa niaba yake: uji usio na sukari, redio kuzimwa mapema, na sasa kuhamishiwa Makao ya Waliotulia, wanakowekwa wazee wasiosema. Gari lilikuwa njiani.

"Nani kakwambia kakubali?" mwanawe Mayunga akafoka.

"Mama Nkwimba huwa anakubali," nyumba ikajibu kwa upole.

Mayunga hakubishana na ukuta. Alikuwa ameokota kibodi ya kale ya kompyuta ya kupimia pamba, ile ya kituo alikofanya kazi mama yake, vitufe vikubwa kama biskuti, kimoja kimeandikwa KUBALI na kingine KATAA. Aliitoa kutu kwa spiriti, akabadilisha nyaya, akaifungia plagi mpya ili nyumba iweze kuisoma. Akaichomeka, akamwekea mama mapajani.

"Haya mayu, mama yangu, fanya kama enzi zile ukiwarudishia watu pamba chafu."

Mkono wa kushoto wa mama ukapanda polepole, ukashuka kwa nguvu. KATAA.

"Jibu limepokelewa," nyumba ikasema. "Mama Nkwimba, unakubali kumtaja aliyeunganisha kifaa hiki?"

Mama akamtazama mwanawe, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akakandamiza KATAA tena, na hakuinua mkono hata honi ilipolia nje.