Kamera ya Mguuni

Waendesha pikipiki wenzake wote kwenye mashindano walifunga kamera kwenye helmeti, ili watu waone mlima. Sekela alipiga magoti vumbini, akaifunga ya kwake chini, kwenye chuma kilicho mbele ya injini, ili ilitazame buti lake la kushoto.

"Shemeji, hapo itapiga picha ya nini?" aliuliza Ambwene, mdogo wa mumewe, ambaye ndiye fundi wake. "Watu wanataka kuona mlima."

"Mlima waliuona mwaka jana, nilipofika kileleni wa kwanza. Mwamuzi akasema niliweka mguu chini kule kwenye mawe, eti nikasukuma, na sheria inakataza. Kombe akapewa mwingine." Aliuvuta mpira wa tyubu, akaufunga fundo la pili. "Wewe uliniona nimeweka mguu chini?"

"Hukuweka, shemeji."

"Basi leo waukodolee macho mguu wenyewe."

Sekela alipokwisha kupanda, mwamuzi yuleyule alikuja akikagua pikipiki, filimbi shingoni. Akainama kando ya buti.

"Mama, kamera yako imeteleza. Igeuze itazame mbele."

"Haijateleza, mzee."

"Mbona inatazama mguu?"

"Si ndio mlioukosea?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Sekela akainama, akabonyeza kitufe cha kamera, taa nyekundu ikawaka. Kisha akapiga kiki, injini ikanguruma, na mwamuzi akarudi nyuma haraka. Lakini kamera ilikwisha kumnasa: viatu viwili vyeusi vilivyopigwa rangi asubuhi hiyo, vikirudi nyuma vumbini.