Tuta la Shemeji

Mzee Stempu alipiga magoti mbele ya tuta la shemeji yake, akashika jani moja na kuhesabu matundu yake kwa sauti.

"Kumi na moja, shemeji. Jani moja tu. Hii ni bustani au chujio la chai?"

Shemeji yake alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoigeuza, kofia imemfunika uso. Bila kuiondoa alijibu kwamba hata shati lake lina matundu na bado analivaa.

Wenzao walicheka. Mzee Stempu hakucheka. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amewapelekea watu barua zao bila kupoteza hata moja, na jina lile la utani alilipata kwa jasho. Sasa amestaafu, naye pamoja na wenzake saba walikuwa wakijitolea katika kiwanja cha nyuma ya zahanati, wakipanda mimea ya asili ili vipepeo waliotoweka warudi. Manispaa ilikuwa imewapa miaka miwili. Vipepeo wasipoonekana wakizaliana humo, kiwanja kingemwagwa lami kiwe maegesho ya magari.

Miaka miwili ilikuwa inaisha Ijumaa hiyo, na kipepeo hawajamwona hata wa dawa.

Si kwamba hakuhangaika. Masika alichimba mifereji, matope mpaka magotini. Kiangazi alibeba maji kutoka bomba la zahanati, ndoo mbili mbili, hadi kiuno kikamgomea. Dawa ya wadudu hakuigusa, maana masharti yaliikataza, na yeye masharti huyasoma mpaka mstari wa mwisho. Badala yake, kila kulipopambazuka aligeuza majani moja moja, akiondoa kwa mkono kila kilichotambaa na kila kilichotafuna. Matuta tisa aliyoyashughulikia yalikuwa yamestawi, majani mazima kama karatasi mpya. La kumi lilikuwa la shemeji yake, ambaye hakutaka liguswe na yeye mwenyewe hakuligusa. Aibu tupu.

Kwa nini basi vipepeo hawaji? Alilaumu moshi wa majirani. Akalaumu ndege, mvua iliyochelewa, taa za barabarani. Mwishowe alibakiwa na mtu mmoja tu wa kulaumu, naye alikuwa amekaa juu ya ndoo.

Jumatano akaitisha kikao. Aliwaambia wenzake kwamba afisa wa manispaa akiliona tuta lile atajua hapa pana mchezo, na jasho la wote litakwenda bure kwa sababu ya mtu mmoja. Katibu wao, mwalimu mstaafu, alijaribu kumtetea shemeji, akashindwa. Mikono ikanyooshwa. Shemeji akaambiwa asije tena.

Alisimama, akaikung'uta kofia yake.

"Sawa, Stempu. Ila kumbuka anayekupikia ni dada yangu. Mtaelewana huko huko."

Alhamisi asubuhi Mzee Stempu alifika peke yake na jembe, aling'oe tuta zima, afisa akija kesho yake akute udongo mtupu badala ya aibu. Alikuwa ndiyo kwanza amelinyanyua jembe, gari la manispaa likasimama getini. Afisa amewahi siku moja.

Alikuwa mama mwembamba, mwenye miwani na maneno machache. Alipita matuta yote tisa akigeuza majani, akitikisa kichwa, akiandika. Mzee Stempu alimfuata nyuma. Kwenye la kumi afisa aliinama, akakaa hapo muda mrefu.

"Hili ni la nani?"

"La mvivu mmoja, mama," Mzee Stempu alisema haraka. "Jana tu tumemfukuza."

Afisa alimwashiria asogee. Chini ya jani lililotobolewa ovyo, kiwavi mwenye milia alikuwa akitafuna bila wasiwasi. Juu yake kidogo, kifuko cha kiwavi mwenzake kilikuwa kimepasuka, na kipepeo mchanga alikuwa ameking'ang'ania, akikausha mabawa.

"Mrudisheni leo hii," afisa alisema. "Kwa tuta lake hili, kiwanja kinabaki chenu. Sasa nitajie aliyewaua watoto wa vipepeo kwenye yale tisa, maana huyo ndiye mliyepaswa kumfukuza."